Ganeti ya Waridi ya Bonde la Umba: Spishi, Aina na Jina la Sokoni

Rangi ya waridi ni shahidi dhaifu sana katika utambuzi wa vito, na Bonde la Umba, kaskazini mwa Mkoa wa Tanga, ni mahali pazuri pa kuliona jambo hilo. Mto Umba huanzia katika milima ya Usambara, hushuka nyikani, huvuka mpaka wa Kenya na kuingia Bahari ya Hindi karibu na Vanga. Katika ardhi kavu iliyo kandokando yake hupatikana safaya za waridi, rodolaiti za waridi inayoelekea zambarau, na ganeti nyingine ya waridi yenye uchungwa kidogo ndani yake, ambayo ilipoanza kuonekana wachimbaji hawakujua waiweke katika fungu gani. Vito hivyo vitatu vikishakatwa, vikang'arishwa na kuwekwa juu ya kitambaa cheupe mezani kwa sonara wa Ngamiani, mtaa wa jijini Tanga, hata mtu mzoefu anaweza kuvichanganya. Makala haya yanahusu zaidi hicho cha tatu, kwa sababu historia yake inaonyesha jinsi majina ya vito yanavyoundwa, na kwa nini jina peke yake halimtoshi mnunuzi.

Ni lazima kwanza kutenganisha mambo matatu ambayo sokoni hutajwa kwa pumzi moja. Spishi ya madini huamuliwa na kemia pamoja na mpangilio wa atomu. Aina, kwa maana ya kijemolojia, yaani ya elimu ya vito, ni tawi la spishi linalotambuliwa kwa rangi au sifa nyingine ya kuonekana. Jina la biashara ni lile ambalo wafanyabiashara wamekubaliana kulitumia, liwe na msingi wa kisayansi au lisiwe nao. Korundamu, kwa mfano, ni spishi; ikiwa nyekundu huitwa rubi, na ikiwa na rangi nyingine yoyote huitwa safaya. Mpaka kati ya rubi na safaya ya waridi ni wa macho na makubaliano tu, wala hakuna kipimo cha kemia kinachoukata, na ndiyo maana jiwe moja laweza kuuzwa kama rubi katika nchi moja na kama safaya ya waridi katika nchi nyingine. Vivyo hivyo berili ya waridi huitwa morganaiti kwa sababu tu mwaka 1910 mtaalamu wa vito George Frederick Kunz alipendekeza ipewe jina la J. P. Morgan, tajiri wa benki wa New York. Aina nyingine zina bahati ya kuzaliwa katika kikao cha waungwana. Ganeti ya Umba ilizaliwa katika lundo la mawe yaliyokataliwa.

Tatizo la ganeti ni kwamba si spishi moja. Ni kundi la madini yanayoshirikiana umbo la ndani lakini yanatofautiana kwa vile vilivyomo. Mpangilio wake wa atomu una nafasi maalumu ambazo ni lazima zijazwe, na chuma, magnesiamu, manganizi au kalsiamu vyote vinaweza kukaa katika nafasi zilezile. Ni sawa na viti vya ukumbi wa harusi: safu na idadi ya viti havibadiliki, lakini wanaokalia leo si waliokalia jana, na hakuna anayezuia watu wa koo mbili wakae safu moja. Nafasi hizo zikijaa magnesiamu tupu, pamoja na alumini na silika, tunapata pairopi. Zikijaa chuma tunapata almandini, na zikijaa manganizi tunapata spesatini. Kalsiamu ikiwa pamoja na alumini hutoa grosula, ambayo tawi lake la kijani ndilo tsavoraiti, kito kinachojulikana sana Tanzania na Kenya.

Katika maumbile ni nadra mno kukuta ganeti iliyo safi kabisa, yenye mkazi wa namna moja tu. Karibu kila ganeti inayochimbwa ni mchanganyiko, na mchanganyiko huo hauendi kwa ngazi bali huteremka taratibu, kiasi kwamba kati ya pairopi na almandini kuna kila uwiano unaoweza kufikirika. Aina zinazopatikana katikati ya mteremko huo ni vituo ambavyo binadamu ameamua kusimama. Rodolaiti ni mojawapo ya vituo hivyo. Jina lake lilitolewa mwaka 1898 na W. E. Hidden na J. H. Pratt kwa mawe ya waridi yaliyopatikana Cowee Creek, katika jimbo la North Carolina nchini Marekani, na kemia yake ni takriban sehemu mbili za pairopi kwa sehemu moja ya almandini. Baadaye Afrika Mashariki ikawa chanzo kikubwa cha rodolaiti duniani, na rodolaiti ndiyo iliyokuwa ikitafutwa Umba katika miaka ya 1960 kilipojitokeza kitu kingine.

Wachimbaji wa wakati huo walikuwa na kigezo kilicho wazi, kwa kuwa rodolaiti nzuri ilijulikana kwa waridi yake yenye zambarau, na wanunuzi walilipia rangi hiyo. Katika changarawe hizohizo walikuta mawe yenye uzito wa ganeti, mng'aro wa ganeti na ugumu wa ganeti, lakini rangi yake ilianzia waridi hafifu, ikapitia rangi ya ngozi ya pichi, hadi machungwa yenye wekundu. Wanunuzi waliyarudisha. Mawe yaliyokuwa hayana ukoo yakaitwa malaya, na jina hilo, kwa namna ambayo huenda isingewezekana kama wauzaji wa nje wangekuwa Waswahili, likabaki. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 wafanyabiashara wa Marekani waliyapenda mawe hayo, wakayauza kwa jina lilelile, na wateja wao wakaelezwa kwa upole kwamba maana yake ni kilichotengwa na familia. Baadhi ya maandiko ya kitaalamu huliandika kwa herufi tofauti kidogo, malaia. Kwa msomaji wa Tanga jina hilo linakera, nami sioni sababu ya kulitumia zaidi ya inavyohitajika. Hapa chini nitakiita kito hiki ganeti ya Umba, ingawa, kama itakavyoonekana, hata jina hilo lina kasoro yake.

Kutengwa huko kulikuwa na msingi wa kweli katika kemia. Ganeti hiyo ilipochambuliwa maabara ilidhihirika kwamba sehemu yake kubwa ni pairopi na spesatini, yaani magnesiamu na manganizi, huku almandini na grosula zikiwemo kwa kiasi kidogo. Katika vitabu vya awali vya jemolojia hapakuwa na nafasi ya mchanganyiko wa namna hiyo, kwa sababu ilizoeleka kudhani kwamba pairopi huchanganyika na almandini, na almandini na spesatini, basi. Mwaka 1985 Carol Stockton na D. Vincent Manson, watafiti wa taasisi ya jemolojia ya Marekani iitwayo GIA, walipendekeza mpangilio mpya wa ganeti za vito ambao uliutambua mchanganyiko wa pairopi na spesatini kama fungu kamili linalojitegemea. Kwa hiyo kito kilichokataliwa kwa kukosa ukoo kikawa sababu mojawapo ya koo zenyewe kupangwa upya.

Msomaji anaweza kuuliza kwa nini mchanganyiko huo uwe adimu kwingineko na upatikane hapa. Magnesiamu na manganizi haviishi pamoja kwa kawaida. Pairopi hupenda miamba yenye magnesiamu nyingi iliyopitia mgandamizo mkubwa chini ya ardhi, ilhali spesatini huonekana mara nyingi katika pegimataiti, yaani miamba ya chembe kubwakubwa inayotokana na mabaki ya magma, au katika mashapo ya kale yaliyokuwa na manganizi. Ili ganeti moja ipate vyote viwili, inahitajika miamba ya asili tofauti isukumwe pamoja, ipashwe joto na kugandamizwa hadi madini yake yaundwe upya. Jambo hilo ndilo lililotokea katika Ukanda wa Msumbiji, mshipa mrefu wa miamba iliyogeuzwa unaopita Msumbiji, Tanzania na Kenya na kuendelea kaskazini, ambao ulifinyangwa takriban miaka milioni 600 iliyopita wakati mabara ya kale yalipogongana na kuunda bara kuu la Gondwana. Miamba ya Usambara na nyika ya Umba ni sehemu ya mshipa huo.

Safaya za Umba, ingawa ni majirani wa ganeti hii, zilizaliwa kwa njia nyingine, nayo inastahili kuelezwa kwa sababu watu wengi hudhani kwamba mawe ya eneo moja yana chimbuko moja. Katika vilima vya Umba na Kalalani kuna mwamba uitwao serpentinaiti, ambao una uhaba wa silika. Pegimataiti zilipopenya ndani yake zilinyang'anywa silika na mwamba huo, na kilichobaki kikawa na alumini nyingi kupita kiasi. Alumini isiyo na silika ya kuungana nayo hujiunga na oksijeni peke yake, na hapo ndipo korundamu inapotokea, ikiwa imefunikwa na vemikulaiti, madini laini yanayomeguka kwa matabaka. Ganeti, kinyume chake, haiwezi kuundwa bila silika. Inatoka katika miamba ya nisi, yaani miamba iliyogeuzwa yenye matabaka, iliyo jirani, na wachimbaji huiokota mara nyingi ikiwa vipande vilivyokwishavunjika na kulainishwa kingo na maji, bila nyuso za asili za fuwele ambazo zingewasaidia kuitambua.

Rangi ya waridi ya ganeti hii ni matokeo ya uwiano. Pairopi ikiwa safi kabisa haina rangi, kwa hiyo kadiri magnesiamu inavyozidi ndivyo rangi za wenzake zinavyopunguzwa makali. Manganizi hufyonza mwanga wa upande wa urujuani na buluu na kuacha njano na machungwa, wakati chuma hufyonza sehemu za kijani na kuipa ganeti wekundu wenye zambarau. Chuma kikizidi, jiwe huwa zito na jeusi ndani, kama ganeti nyingi za bei rahisi zinavyoonekana zisipowekwa kwenye mwanga mkali. Kikipungua, na manganizi ikawa ya wastani, hutokea ile waridi iliyo angavu yenye dalili ya pichi. Katika baadhi ya mawe kuna vanadiamu na kromiamu kwa kiasi kidogo, na hizo hufyonza mwanga katikati ya wigo kwa namna inayolifanya jiwe libadilike kulingana na taa. Umba imetoa hata ganeti zinazoonekana na kijani au buluu mchana na zambarau chini ya taa ya balbu ya waya. Mabadiliko makubwa hivyo ni adimu, lakini mabadiliko madogo, kutoka pichi mlangoni hadi waridi iliyoiva chini ya balbu, si ya ajabu. Anayenunua afanye mazoea ya kuliangalia jiwe katika mwanga wa namna zote mbili kabla ya kutaja bei, maana taa za kisasa za LED za dukani haziwi mwakilishi wa mojawapo.

Sasa turudi mezani kwa sonara na vile vito vitatu. Chombo cha kwanza ambacho mtu angekifikiria ni refraktomita, inayopima ni kiasi gani mwanga hupindwa unapoingia ndani ya jiwe. Kwa vito vingi vya waridi chombo hicho humaliza ubishi mara moja, kwa kuwa tomalini husoma kati ya 1.62 na 1.64, morganaiti karibu na 1.58, na spineli karibu na 1.718. Lakini safaya husoma 1.762 hadi 1.770, rodolaiti husoma karibu na 1.76, na ganeti ya Umba husoma popote kati ya 1.74 na 1.78. Namba zimelaliana. Mtu asiye na uangalifu anaweza kusoma 1.76 na kutangaza safaya, akalipa fedha ya safaya kwa ganeti, au, kwa hasara iliyo mbaya zaidi upande wa muuzaji, akaiuza safaya kwa bei ya ganeti.

Kinachotofautisha ni kwamba safaya huugawa mwanga mara mbili na ganeti haiugawi. Jiwe likiwekwa kati ya vioo viwili vya kuchuja mwanga vilivyopishanishwa, safaya huwaka na kuzima mara nne katika mzunguko mmoja, isipokuwa likitazamwa katika mwelekeo mmoja maalumu, wakati ganeti hubaki giza au kuonyesha mawimbi hafifu yasiyo na mpangilio. Chombo chake huitwa polariskopu, ila lenzi mbili za miwani ya jua ya kuchuja mwanga hufanya kazi hiyo bila gharama. Uzito nao husaidia. Safaya ina uzito mara 4.00 ya maji ya ujazo uleule, na ganeti ya Umba ni kati ya 3.78 na 3.85. Safaya ya karati 2 ikipimwa ndani ya maji hupungukiwa na karati 0.50, na ganeti ya karati hizohizo hupungukiwa na takriban 0.53, tofauti ni ndogo, kwa hiyo mizani isiyosoma sehemu ya mia ya karati haifai kwa kazi hii.

Njia ninayoipenda kuliko zote ni ya sumaku, kwa sababu mtu yeyote anaweza kuiona kwa macho yake bila kufundishwa fizikia. Kipande kidogo cha foromu nyeupe, ile inayofungashiwa redio na televisheni, huwekwa kielee juu ya maji katika bakuli, na kito huwekwa juu yake kikiwa kimelala meza, yaani uso wake bapa wa juu, chini. Maji yakitulia, sumaku ndogo yenye nguvu ya neodimiamu husogezwa karibu na kito bila kukigusa. Safaya ya waridi na spineli ya waridi hazishughuliki. Ganeti, kwa ajili ya chuma na manganizi iliyomo, huanza kusogea pamoja na kile kipande cha foromu, polepole mwanzoni, kisha ikaifuata sumaku hadi ukingoni mwa bakuli. Jaribio hili halitenganishi rodolaiti na ganeti ya Umba, kwa kuwa zote mbili hufuata. Kwa hizo inahitajika spektroskopu, chombo kinachotandaza mwanga uliopita ndani ya jiwe katika rangi zake: rodolaiti huonyesha mistari mitatu myeusi ya chuma, na ya Umba huonyesha zaidi kivuli cha manganizi katika urujuani.

Kuhusu ukataji, ganeti ni rafiki wa fundi. Haina mwelekeo wa kupasuka kirahisi kama topazi, na rangi yake ni ileile kila upande, hivyo fundi hafungwi kama anavyofungwa na tanzanaiti, ambayo hubadilika rangi kwa kugeuzwa. Anaangalia kasoro na umbo la jiwe ghafi tu. Hata hivyo zaidi ya nusu ya uzito wa jiwe ghafi hupotea mara nyingi, na hapo ndipo kishawishi kinapoingia. Ili mwanga ulioingia kupitia meza ya kito urudi kwa mtazamaji, nyuso za chini lazima ziwe na mwinamo wa kutosha. Kwa jiwe la 1.76 mwanga unaozigonga nyuso hizo kwa pembe iliyo chini ya takriban nyuzi 35, ikipimwa kutoka mstari uliosimama wima juu ya uso, hupenya na kutoroka. Fundi anayetaka kuokoa upana wa jiwe huzilaza nyuso hizo mno, na matokeo yake ni kito chenye dirisha, yaani sehemu ya katikati iliyopauka ambayo ukikiweka juu ya gazeti unasoma herufi. Katika waridi hafifu kasoro hiyo huonekana haraka kuliko katika rangi nzito. Kito kilichokatwa vizuri huonyesha pia cheche za rangi mbalimbali, kwa kuwa ganeti hii huutawanya mwanga zaidi ya safaya. Mafunzo ya ukataji hutolewa katika Kituo cha Jemolojia Tanzania kilichopo Arusha, na ni jambo la kusikitisha kwamba mkoa wenye historia hii bado humwona kijana wake akisafiri mbali kujifunza kukata mawe ya kwao.

Nilisema kwamba jina la ganeti ya Umba lina kasoro. Mchanganyiko uleule wa pairopi na spesatini ulipatikana baadaye Bekily, kusini mwa Madagaska, na katika miaka ya karibuni zaidi ukapatikana Mahenge, mkoani Morogoro, ambako mawe yake ni ya waridi safi kuliko mengi ya Umba na yamevutia sana wanunuzi wa nje. Mahenge ilikuwa tayari na sifa kwa spineli yake ya waridi kali, kwa hiyo mtu anayeambiwa tu kwamba kito ni cha waridi na kimetoka Mahenge hajaambiwa kama ni spineli au ganeti, ambazo bei zake hazikaribiani. Kama ipo karatasi ya maabara, kinachosomwa kwanza ni mstari wa spishi. Asili ya kijiografia, pale inapotajwa, ni maoni ya wataalamu waliyoyafikia kwa kulinganisha kemia na chembe ngeni zilizofungwa ndani ya jiwe.

Kwa upande wa udanganyifu, ganeti hii ina nafuu. Kwa kawaida haipikwi, kwa sababu joto haliiongezei uzuri wa kibiashara, tofauti na safaya ambayo kupashwa joto ni desturi na muuzaji anapaswa kusema. Hatari iliyo karibu zaidi ni korundamu ya waridi iliyotengenezwa kiwandani kwa njia ya mwali wa moto, ambayo Mfaransa Auguste Verneuil aliitangaza mwaka 1902 na ambayo hadi leo ni rahisi mno. Ikitazamwa kwa lenzi ya mara 10, huweza kuonyesha mistari iliyopinda kama michirizi ya sahani ya santuri, jambo ambalo jiwe la ardhini haliwi nalo.

Ugumu wa ganeti katika kipimo cha Mohs ni 7 hadi 7.5, na vumbi la kawaida limejaa kwazi, madini ya mchanga, yenye ugumu wa 7, kwa hiyo pete inayovaliwa kila siku na kufutwa kavukavu kwa kitambaa hupoteza makali ya nyuso zake baada ya miaka kadhaa. Maji ya uvuguvugu, sabuni laini na brashi ya meno vinatosha. Adui mkubwa zaidi ni mabadiliko ya ghafla ya joto: sonara anapotaka kuongeza au kupunguza saizi ya pete kwa moto wa bomba, akitoe kito kwanza, hata kama mteja ana haraka, na akiisha kulehemu asiitumbukize pete kwenye maji kabla ya kukagua kwamba hakuna kito kingine kilichobaki ndani yake.